Mtoto ni wa Nani? Ulezi wa Watoto katika Historia ya Karema

Kiswahili kina maneno mawili kwa mtu ambaye lugha nyingine huridhika kumwita kwa neno moja. Yuko mzazi, aliyemleta mtoto duniani, na yuko mlezi, aliyemkuza mpaka akawa mtu. Aghalabu wawili hao huwa ni mtu mmoja, na hapo hakuna shauri. Lakini mauti yakiingia nyumbani, au talaka, au vita, au ufukara, mzazi na mlezi hutengana. Na wakishatengana, huzuka swali ambalo limewakalisha wazee barazani na mahakimu mahakamani tangu zamani: mtoto huyu ni wa nani?

Katika insha hii tunakusudia kulifuata swali hilo katika mahali pamoja, nako ni Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao tangu mwaka 2012 unaitwa Katavi. Hatukuichagua Karema kwa ajili ya ukubwa wake, maana ni mji mdogo wa wavuvi na wakulima. Tumeichagua kwa kuwa hapo, katika muda usiotimia karne moja na nusu, swali la mtoto lilipata majibu ya namna nne: jibu la ukoo, jibu la bei, jibu la misheni, na jibu la sheria ya nchi. Majibu hayo hayakufuatana kama vizazi, la mwanzo likafa ndipo la pili likazaliwa. Yamelimbikizana, na hata leo katika shauri moja la familia yaweza kusikika yote manne.

Tuanze na ukoo. Nchi inayoizunguka Karema ni nchi ya Wabende, na kaskazini yao Watongwe. Kusini, kwenye uwanda wa juu, wako Wafipa. Kwa Wafipa ilikuwa desturi mtoto akishaachishwa ziwa ahamie kulala kwa babu na bibi, akajifunza huko hadithi, adabu na kazi ndogo ndogo za nyumbani. Mama hakuhesabiwa kuwa amemtupa mwanawe, wala bibi hakuhesabiwa kuwa amemchukua mwana wa mtu. Hakuna aliyeitwa kushuhudia makabidhiano, kwa sababu hapakuwa na makabidhiano. Mtoto alitoka chumba kimoja cha ukoo akaingia chumba kingine. Ndugu wa baba ni baba, awe mkubwa au mdogo. Dada wa mama ni mama. Mtu aliyekuwa na baba watatu na mama wanne hakuwa rahisi kubaki yatima. Ndipo tunapoielewa vema methali isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Lakini haifai tuipake mila rangi moja tu. Ukoo ulimlea mtoto, na ukoo huo huo ulimdai. Penye ukoo wa kuumeni, mahari ndiyo iliyokuwa hati ya madai: aliyetoa ng'ombe, majembe au vitambaa alihesabiwa kuwa wana watakaozaliwa ni wa upande wake. Mke akirudi kwao, mzozo uliokuwa mkali kuliko wote ulikuwa juu ya watoto. Penye ukoo wa kukeni, kama kwa Waluguru na Wamakonde, neno la mwisho lilikuwa la mjomba, na baba mzazi aliweza kuishi na wanawe miaka mingi bila kuwa na sauti kubwa juu yao. Tofauti hiyo yatufundisha jambo. Laiti ingekuwa maumbile ndiyo yanayosema mtoto ni wa baba au ni wa mjomba, watu wote wangesema mamoja. Kumbe ni mapatano ya jamii, na yaliyopatanwa na watu huweza kuangaliwa upya na watu.

Jibu la pili, jibu la bei, lililetwa na biashara ya watumwa. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji iliuzunguka mwambao wa ziwa, na vita vya kuwinda watu vikapenya katika nchi za pande zote mbili za maji. Mtoto aliyetekwa hakupoteza mama yake peke yake. Alipoteza watu wote ambao wangeweza kusimama barazani wakauliza habari zake. Na hii ndiyo maana ya ndani ya utumwa: mtumwa ni mtu asiye na wa kumdai kwa undugu, kwa hiyo hudaiwa kwa mali. Hata uzao wake haukuwa wake, maana mtoto wa mjakazi alihesabiwa pamoja na mali ya bwana wa mama yake.

Karema iliingia katika historia iliyoandikwa wakati huo. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano mjini Brussels, ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Mwaka 1879 afisa wake, Kapteni Cambier, alifika Karema na kujenga kituo chenye ngome. Mwaka 1885 jumuiya hiyo iliondoka, macho ya Leopold yakiwa sasa yameelekea Kongo, na kituo kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao.

Hapa hatuna budi kuvuka jangwa la Sahara kwa muda, kwa kuwa shirika hilo lenyewe lilizaliwa katikati ya shauri la watoto. Katika miaka ya 1867 na 1868 Algeria ilipigwa na njaa na kipindupindu, na watoto wengi wakabaki hawana wazazi. Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliwakusanya zaidi ya elfu moja katika nyumba za yatima. Njaa ilipopungua, Gavana Mkuu wa Kifaransa, MacMahon, alitaka watoto warudishwe kwa makabila yao. Lavigerie alikataa, akisema kwamba waliowaokoa na kifo wana wajibu juu yao. Gavana naye alichelea kwamba Waislamu wa Algeria wangeona watoto wao wamechukuliwa ili wageuzwe dini. Ugomvi huo ulifika hadi kwa Kaizari Napoleon wa Tatu. Shirika la Wamisionari wa Afrika liliundwa mwaka huo huo wa 1868. Basi lilipofika Karema lilikuwa limekwisha kukutana na swali letu katika umbo lake gumu kabisa: je, aliyemwokoa mtoto huwa mzazi wake?

Pale Karema wamisionari waliwakomboa watoto kutoka mikononi mwa wachuuzi na wateka watu, wakatoa bidhaa na kuwapokea. Waliwajengea makao, wakawafundisha dini, kusoma na kazi za mikono. Walipokua, waliozwa wao kwa wao, wakapewa mahali pa kujenga na kulima, na hivyo vijiji vya Wakristo vikaota kuizunguka misheni. Katika ndoa hizo misheni ndiyo iliyokaa mahali pa wazee: ilikubali posa, ikatoa idhini, ikasuluhisha ugomvi. Kijana asiye na baba wala mjomba alimkuta padri amekalia kigoda cha wote wawili.

Tukilipima tendo hilo kwa haki, tutaona pande mbili. Kwa upande mmoja watoto waliokuwa wakienda kufa njiani walipona, na kizazi cha watu huru kikapata pa kuanzia. Kwa upande wa pili, hata mwenye nia njema anapotoa kitambaa ili apewe mtoto, aliyekipokea huondoka akijua kuwa mtoto ana bei. Tena mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama angependa kutafutiwa njia ya kurudi kwao, na mara nyingi njia hiyo haikuwepo, kwa kuwa kijiji chake kilikuwa kimechomwa. Hatuandiki haya ili tuwahukumu wafu. Twayaandika ili mwanafunzi atambue kwamba wema na mamlaka vyaweza kukaa katika mkono mmoja, na kwamba mkono wa namna hiyo ndio unaohitaji sheria kuliko mingine yote.

Maisha ya mtu mmoja yanalieleza jambo hili kuliko maelezo marefu. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, kwenye Mto Niger. Alitekwa angali mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na wamisionari wa Lavigerie. Alisomeshwa Algeria, kisha akapelekwa Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 aliwasili Karema akiwa daktari na katekista, akatibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka zaidi ya sitini. Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa mtawala wa Kibende, na mtoto wao Joseph akawa padri mwaka 1923.

Tulitazame hilo kwa jicho la ukoo. Mtu aliyenyang'anywa jamaa zake kwenye Mto Niger alipata jamaa kwenye Ziwa Tanganyika kwa njia ya mke, na akawa mwenyewe chanzo cha ukoo. Wazazi wake walibaki upande wa pili wa bara. Walezi wake walikuwa wageni waliomnunua ili awe huru. Wajomba wa watoto wake walikuwa Wabende. Ukimwuliza mtu kama huyo ni mtoto wa nani, hapana jibu la neno moja. Lakini ukiuliza nani waliwajibika kwake, na yeye aliwajibika kwa nani, jibu ni wazi, na ndilo lililomfanya aheshimiwe.

Jibu la nne ni la sheria ya nchi, nalo lilikuja polepole. Utawala wa Kijerumani haukuufuta utumwa kwa tamko moja. Amri ya mwaka 1904 ilitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Maana yake ni kwamba mama na mwanawe waliweza kukaa katika nyumba moja, mmoja ana bwana na mwingine hana. Ilikuwa ni mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo sheria ilipoukomesha utumwa Tanganyika kabisa.

Waingereza walileta pia kitu kipya, yaani kuasili mtoto kwa amri ya mahakama. Kwao wenyewe jambo hilo lilikuwa changa, kwani Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya kuasili mwaka 1926. Katika Tanganyika sheria hiyo ilijulikana kama Sura ya 335, na watu wa vijijini waliishi bila kuijua. Neno lenyewe lina maana nzito. Kumwasili mtoto ni kumtia katika asili yako, awe kana kwamba amezaliwa humo. Wazee walikuwa na msemo mwingine, mtoto wa kupanga, ambao haudai kuwa damu imegeuka. Unasema tu kwamba watu wamepanga hivyo.

Baada ya Uhuru, Serikali iliona si vema kila baraza lihukumu kwa mila isiyoandikwa. Mwaka 1963 yakatolewa Matangazo ya Serikali namba 279 na namba 436, yaliyokusanya sheria za mila kwa wilaya nyingi zenye ukoo wa kuumeni. Humo iliandikwa kwamba watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa wa upande wa mama, lakini baba aliweza kumhalalisha kwa kumwoa mama yake, au kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Yalikuwa maendeleo kuwa na kanuni moja inayosomeka. Hata hivyo msomaji aliyetufuata tangu habari za misafara hatakosa kushtuka kidogo: mtoto angali ana kiwango cha fedha mbele ya jina lake.

Mageuzi makubwa yalikuja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Katika kifungu chake cha 125 sheria hiyo ilisema kwamba mahakama inapoamua nani akae na mtoto, jambo la kwanza la kutazamwa ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo ndipo yasikilizwe matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto akiwa na umri wa kuweza kutoa maoni yake, na mila za jamii. Iliongeza kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama, ila dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Tuangalie mpangilio huo kwa makini. Mila haikufukuzwa barazani. Imepewa kiti, lakini si kiti cha mbele. Mahari haikutajwa kuwa hati ya kummiliki mtu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mwaka 2009 Bunge likatunga Sheria ya Mtoto, namba 21, iliyozikunja sheria kadhaa za zamani, pamoja na ile Sura ya 335, katika sheria moja. Kwa sheria hii mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Ndugu anayemlea mtoto, na si mzazi peke yake, aweza kuiomba mahakama haki ya kukaa naye. Katika kuamua, mahakama huangalia umri wa mtoto, maoni yake yakitolewa kwa hiari, faida ya ndugu wa tumbo moja kukaa pamoja, na haja ya kutoukata mwendelezo wa malezi. Hili la mwisho ni neno la mlezi lililopata hatimaye mahali pake katika kitabu cha sheria.

Kuasili kwawekewa masharti mazito zaidi, kwani hukata haki za wazazi wa awali na kuzihamishia kwa wapya, urithi ukiwamo. Sheria ya 2009 iliyaweka maombi hayo mbele ya Mahakama Kuu. Mwombaji asiye ndugu hutakiwa kuwa na miaka 25 au zaidi, na kumzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Kwa ndugu wa mtoto masharti ya umri ni mepesi zaidi. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili lina mpaka wake. Qurani, katika Sura ya Al-Ahzab, inaagiza kwamba watoto wa kulelewa waitwe kwa majina ya baba zao. Kwa hiyo fiqhi huruhusu, tena husifu, kumlea yatima kwa njia ya kafala, lakini haibadilishi nasaba. Mkataba wa mwaka 1989 nao unaitambua kafala kuwa ni mojawapo ya njia za kumtunza mtoto aliyekosa nyumba.

Sasa tuyalete haya yote katika kijiji, kwa mfano wa kubuni. Mvuvi wa Karema amezama ziwani, akaacha mtoto wa kiume wa miaka miwili. Mama ameolewa mbali, na mtoto amebaki kwa bibi mzaa mama. Bibi amemlea miaka kumi, amemsomesha, amemwuguza homa. Siku moja baba mdogo anatoka Mpanda, anasema: "Mama, nimekuja kumchukua mwanangu. Mahari ya dada ilikwisha lipwa." Bibi hana la kujibu ila machozi, hana karatasi, na majirani wanasema ndivyo mila ilivyo.

Kwa jibu la ukoo katika sura yake ya zamani, mtoto angeondoka siku hiyo. Kwa sheria ya leo, baba mdogo hawezi kumchukua kwa nguvu ya mahari. Atasikilizwa kama ndugu, na bibi atasikilizwa kama mlezi, na mtoto wa miaka kumi na miwili ataulizwa naye. Huenda baba mdogo ana nia njema na uwezo mkubwa. Basi aonyeshe kwamba kumhamisha kutamfaa mtoto. Huenda anatafuta mkono wa kuvuta nyavu, au anautazama mtumbwi na shamba lililoachwa na marehemu; hayo nayo yatajulikana. Kilichobadilika ni kwamba mtoto amekuwa mtu katika shauri lake, na si kitu kinachogombewa.

Lakini haki iliyo kitabuni yaweza kuwa mbali na mwenye haki. Safari ya kwenda Mahakama Kuu ni gharama kwa bibi wa kijijini. Ndiyo maana hatua ndogo za mapema zina thamani kubwa: cheti cha kuzaliwa, maandishi ya kikao cha ukoo yaliyotiwa saini na kushuhudiwa katika ofisi ya kijiji, taarifa kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Karatasi hizo hazimfanyi mlezi kuwa mzazi, wala si kila mlezi anahitaji kuasili. Bibi hana haja ya kuigeuza damu ambayo tayari ni yake. Anachohitaji ni ushahidi kwamba alikuwapo.

Yako mambo mawili katika urithi wetu, nayo yafaa kutenganishwa. La kwanza ni wingi wa mikono ya kulea, ambao umewaokoa watoto wengi kuliko nyumba zote za yatima zilizopata kujengwa katika nchi hii. Hilo ni utamaduni wa taifa, na tulishike. La pili ni fikra kwamba aliyetoa kitu kwa ajili ya mtoto, iwe mahari, fidia au hata wema, amemnunua. Hiyo haikuanza na wageni wala haikuisha walipoondoka, na kila kizazi kina wajibu wa kuikataa upya.

Walimu wanaosoma kurasa hizi tungewaomba wawape wanafunzi wao kazi moja. Kila mwanafunzi achore mti wa ukoo wake, na chini ya kila jina aandike mistari miwili: nani alimzaa mtu huyu, na nani alimlea. Awaulize wazee kwa adabu, maana majibu mengine yana majonzi ndani yake. Miti hiyo ikitundikwa ukutani, darasa litaona ni mara ngapi mistari ile miwili imebeba majina tofauti, na ni mara ngapi jina lililoko katika mstari wa pili halijapata kuandikwa mahali popote mpaka siku hiyo.